Mlango wa Pili

Jumatatu, 7 Septemba 1964

Mvua ilinyesha kabla ya alfajiri, ikakatika saa kumi na mbili. Ukungu umeufunika Mwamba wa Tororo mpaka kiunoni. Vumbi la saruji limelowa kwenye majani ya mipapai, limekuwa kama uji. Viatu vyeupe nimevibeba mkononi mpaka hospitali.

Mikasi miwili, yote ipo. Droo imefungwa. Filimbi mfuko wa kulia. Kitambaa cha shingoni nimekivua. Kiti changu karibu na mlango. Ndivyo tulivyofundishwa Kampala: muuguzi wa wagonjwa wa akili haketi mbali na njia ya kutokea. Mwaka wa pili sasa nakagua hivi kila asubuhi, hata siku zisizo Alhamisi, siku ya kliniki. Othieno, dresa wangu wa kufunga vidonda na kunisaidia, ananicheka. Anasema hata mahari hayakaguliwi namna hii.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya mablanketi. Dirisha moja lenye vyuma. Mlango mmoja.

Barua imekuja kutoka halmashauri ya wilaya. Kamati ya afya itatutembelea Alhamisi ya tarehe 17. Baada ya hapo halmashauri itaamua kama kliniki iendelee mwakani, kama Othieno aajiriwe rasmi, na kama tupewe chumba cha milango miwili nilichokiomba. Wakikataa, kliniki inafungwa Desemba. Wagonjwa watarudi kule walikokuwa: kwenye kamba nyuma ya nyumba, au selo.

Nimeisoma barua mara tatu. Nimefurahi, kisha nimehesabu siku zilizobaki: kumi.

Alhamisi, 10 Septemba

Jua kali tangu saa mbili. Kliniki. Wagonjwa ishirini na wawili.

Wa kwanza, kama kawaida, Bwana Owere wa Kiyeyi. Alikuwa karani wa reli hapa stesheni mpaka alipougua. Anafika saa tatu kamili, anatoa saa yake ya mfukoni, ananiangalia kama mimi ndiye niliyechelewa. Leo nilichelewa dakika mbili. Ameziandika.

Wa mwisho Wandera, miaka ishirini na miwili, kutoka Busia ng'ambo ya pili, upande wa Kenya. Analetwa na dada yake, Mama Nekesa, muuza samaki. Wandera husikia sauti zikimwambia kwamba askari wa nchi zote mbili wanamtafuta. Akimeza vidonge sauti zinapungua. Leo alimeza vizuri, lakini alikaa ukingoni mwa kiti, macho mlangoni, yaani kwangu. Sikupenda alivyotazama. Nilishika filimbi mfukoni muda wote.

Mama Nekesa aliniletea samaki, mbuta mkavu, akaniambia kwa Kisamia, lugha ya kwetu, kwamba nimekonda na watu wa Tororo hawajui kulisha mtu. Yeye na mimi ni wa ng'ambo moja. Nimekula nusu. Nusu ya Othieno.

Jumamosi, 12 Septemba

Mawingu bila mvua. Nimepata wazo zuri sana.

Wagonjwa wanane ndio wanaotisha wageni. Wanaopiga kelele, wanaovua nguo, na Wandera na macho yake. Nitawahamishia Ijumaa tarehe 18. Alhamisi wabaki watano waliotulia; wengine zamu yao ni wiki nyingine. Wageni wote watakuwa salama, wagonjwa hawataonwa kama maonyesho, na kamati itaona jinsi kazi inavyofanyika vizuri.

Nimeandika kadi tisa kwa mkono wangu, tarehe mpya nimeipigia mstari kwa wino mwekundu, nimezituma kwa basi. Wa tisa ni Bwana Owere. Si kwamba anatisha. Naogopa atawaambia madiwani wamechelewa.

Nimejipongeza kwa kikombe cha pili cha chai.

Jumatano, 16 Septemba

Mvua mchana. Tumepiga deki mara mbili. Othieno amepaka chokaa ukutani mpaka nywele zikawa za babu. Nimeleta kitambaa cha meza kutoka nyumbani, kile cha maua.

Othieno aliegemea fagio akatazama chumba. Akaniambia kwa Kiswahili chake: "Sista, kesho hapa itakuwa kama kanisa. Sasa Mungu tu ndiyo atajua sisi iko na shida."

Nikamwambia amalize dirisha.

Alhamisi, 17 Septemba

Asubuhi safi. Mwamba wote unaonekana, hata nyufa zake.

Madiwani watatu walifika saa nne. Mwenyekiti wao ni Mzee Omoding, diwani wa Mella, mtu mkubwa, suti ya kahawia, sauti ya kuitia ng'ombe. Walikuta wagonjwa watano. Bibi wawili wakisuka vikapu. Mzee mmoja akisoma gazeti. Mama mmoja akimnyonyesha mtoto. Kijana mmoja aliyewapa viti na kuwaita waheshimiwa.

Niliwaeleza kila kitu. Vidonge, kadi, kanuni za usalama. Nilijisikia nikisema vizuri. Walitingisha vichwa. Walisifu kitambaa cha meza.

Kisha Mzee Omoding akauliza wagonjwa wako wapi. Nikajibu kwa fahari kwamba ndio hawa.

"Hawa wazima, binti," alisema. "Wazima kuliko wengine wetu kule barazani."

Wote wakacheka. Mimi pia nilicheka. Nilidhani ni sifa.

Ijumaa, 18 Septemba

Mvua tangu asubuhi, haijakoma.

Karani wa kamati alipita saa tano, mtu mpole, hakutaka kuniangalia usoni. Mapendekezo yameandikwa tayari. Chumba kinatosha. Wagonjwa ni wachache na wametulia. Dresa wa kudumu hahitajiki. Vidonge vinaweza kutolewa kwenye dirisha la dawa pamoja na vya malaria. Halmashauri itakaa tarehe 30.

Mimi ndiye niliyewaonyesha hivyo. Kwa mikono yangu. Kwa chokaa.

Kati ya wale tisa wa leo wamekuja watatu tu. Wandera hakuja. Bwana Owere hakuja. Yeye hajawahi kukosa.

Mimi ni mjinga mwenye kitambaa cha maua.

Jumamosi, 19 Septemba

Kumekauka. Nilipanda basi la saa moja mpaka Busia, nikavuka kwa miguu. Askari wa mpakani alinijua, akaniuliza kama nimechoka na Waganda. Nikamwambia nimechoka na mimi mwenyewe.

Mama Nekesa alikuwa mezani kwake sokoni, anapanga samaki, anabishana na mteja aliyedai samaki hawana macho. Alimwambia wewe unayo na bado huoni. Nilicheka bila kutaka. Siku mbili nilikuwa sijacheka.

Kisha akanieleza. Wandera aliiona kadi yangu. Tarehe mpya, wino mwekundu. Sauti zikamwambia: siku haibadilishwi bure, siku imebadilishwa kwa sababu Ijumaa askari watakuwa wanamngoja. Akaacha vidonge siku hiyo hiyo. Analala kwenye mihogo nyuma ya nyumba.

Nilikwenda na Mama Nekesa. Nilisimama hatua kumi kutoka kwenye mihogo, kama kanuni inavyosema, mikono ikionekana. Wandera alivikataa vidonge. Niliongea naye kwa Kisamia, habari za mama yangu, habari za mvua, mwisho habari za kadi. Nikamwambia nilikosea. Hakuna askari. Nilibadilisha siku kwa sababu nilitaka kuwapendeza wageni.

Majani yakatikisika.

"Alhamisi ile ya kweli ipo?" aliuliza.

Nikamwambia ipo. Akasema atafikiri.

Ndani ya basi la kurudi nimelia kidogo, nikala ndizi mbili. Naandika ukweli.

Jumatatu, 21 Septemba

Joto. Kumbe kuna jambo.

Bwana Owere alikuja leo saa tatu kamili, si kwa matibabu, bali kukabidhi nakala. Nakala ya barua. Ameiandika kwa karatasi ya kaboni, herufi safi kama tiketi. Barua yenyewe aliipeleka jana kwa baiskeli mpaka Mella, nyumbani kwa Mzee Omoding, kwa kuwa ndiye mwenyekiti wa kamati. Alimkuta akila chakula cha mchana baada ya kanisa. Alikataa kuketi mpaka barua isomwe.

Nanakili sehemu: "Mimi ni mgonjwa wa Alhamisi. Nilihamishwa Ijumaa bila kuulizwa, pamoja na wenzangu wanane, ili tusionekane. Treni haifutwi safari kwa sababu wakubwa wanakuja kuitazama stesheni. Naomba ratiba irudishwe."

Nilimuuliza Mzee Omoding alijibu nini. Bwana Owere alisema mheshimiwa aliacha kula.

Othieno aliposikia alikwenda nje nyuma ya tangi la maji. Nilidhani amekasirika. Alikuwa anacheka, ameshika tangi kwa mikono miwili.

Mimi sicheki. Sasa sisi si kliniki isiyo na wagonjwa tu. Sisi ni kliniki iliyoficha wagonjwa. Nimemdanganya mwenyekiti wa kamati mbele ya wenzake.

Jumatano, 23 Septemba

Upepo. Karatasi zinaruka. Hakuna neno kutoka halmashauri.

Nimeandika hotuba ya tarehe 30, kurasa nne. Hoja yangu ni moja: muuguzi yumo hatarini kwenye chumba cha mlango mmoja, na dresa pia. Nimeisoma kwa sauti mbele ya Othieno. Amesema ni nzuri lakini inasikika kama mimi naogopa wagonjwa.

Kweli naogopa. Baadhi. Siku nyingine. Sioni aibu kuliandika hapa.

Alhamisi, 24 Septemba

Niende kwa utaratibu.

Asubuhi mawingu mepesi, hewa baridi. Wagonjwa walianza kufika saa moja. Wote. Wale watano, wale tisa, na wengine ambao sikuwaona tangu Julai. Nadhani barua ya Bwana Owere imetembea kuliko baiskeli yake. Walijaa mpaka kwenye mti wa mkaratusi. Mama mmoja aliimba. Kijana mmoja alivua shati, akavishwa, akavua.

Saa nne Mzee Omoding akaingia, peke yake, suti ile ile. Hakusalimia. Alipita ndani kabisa, akaketi kwenye kiti cha mwisho chini ya dirisha, fimbo kati ya magoti. Alisema amekuja kuona alichofichwa. Nikamwambia karibu, Mzee.

Nilihudumia wanane huku akitazama. Chumba kikanuka jasho na majani ya mkaratusi. Maji ya kumezea vidonge yakaisha. Nikamtuma Othieno bombani. Hilo ni kosa, kanuni inasema nisibaki bila msaidizi. Lakini mgonjwa hamezi kidonge kikavu.

Wakati huo huo akaingia Wandera. Mama Nekesa nyuma yake. Niliinuka kumpokea, nilifurahi mno kumwona, na hilo likawa kosa la pili, kwa sababu kiti changu kilibaki wazi karibu na mlango. Wandera alipiga hatua nne ndani. Akamwona mtu mkubwa mwenye suti na fimbo. Nilimwona akimaliza hesabu yake yote kwa mara moja: kadi ya wino mwekundu, Ijumaa, askari, mkubwa wao huyu hapa.

Alirudi nyuma mpaka mlangoni, akakinyakua kiti changu, akakishika mbele yake, miguu ya kiti ikitutazama. Mama Nekesa alibaki ndani pamoja nasi. Dirisha lina vyuma. Mlango mmoja, na Wandera amesimama ndani yake.

Mzee Omoding aliinua fimbo. Nikamwambia aiweke chini. Aliweka, nashukuru.

Mkono wangu ulikuwa kwenye filimbi. Nikiipuliza, mabawabu watakuja mbio na virungu. Ndivyo ilivyopangwa. Nikamtazama Wandera vizuri. Kila mara alikuwa akigeuka kuutazama mlango. Alikuwa na njia wazi nyuma yake na hakukimbia. Hakuwa akituzuia sisi. Alikuwa analinda mlango usifungwe.

Niliiacha filimbi. Nikaketi sakafuni, pale pale, na sketi yangu nyeupe. Mama Nekesa akaketi. Nikasema bila kugeuka:

"Mzee, keti chini."

"Chini wapi?"

"Hapo ulipo. Sakafuni. Polepole."

Nilisikia magoti yake yakilia. Nilisikia pumzi. Akaketi. Diwani wa Mella, mwenyekiti wa kamati ya afya, kwenye saruji, miguu mbele kama mtoto anayengoja uji.

Wandera aliuliza, "Mnafunga?"

Nikamwambia hakuna anayefunga. Akasema Sista, wewe ndiyo unakaaga hapa mlangoni kila siku, wewe ndiyo unafunga. Mwaka wa pili huu nakaa mlangoni nikijilinda, na kila Alhamisi huyu kijana ameniona kama komeo.

Sijui ilipita muda gani. Mama Nekesa alianza kumweleza Mzee Omoding bei ya samaki, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama wako sokoni. Mzee akajibu. Walibishana kama ngege ni mtamu kuliko kambare. Wandera alisikiliza. Kiti kikashuka kidogo.

Kisha Othieno akarudi na ndoo kichwani. Alimwona Wandera mgongo, na chini ya mikono yake akatuona sisi watatu sakafuni. Hakuuliza. Alitua ndoo, akaketi chini papo hapo, nje, kwenye matope. Wagonjwa wakamwona dresa ameketi. Wakadhani ndiyo amri mpya. Wakaketi wote. Mmoja mmoja mpaka kwenye mkaratusi, hata yule asiye na shati, hata mama aliyekuwa akiimba. Watu zaidi ya thelathini chini, kimya.

Wandera aligeuka, akaona. Dunia nzima imekaa, yeye pekee amesimama. Hakuna wa kumkimbiza. Alikitua kiti, akakaa juu yake, mlangoni, nusu ndani nusu nje. Akasema ana kiu.

Othieno alimpa maji. Nikampa vidonge. Akameza.

Kutoka nje Bwana Owere akatangaza: dakika ishirini na sita.

Wakati huo ndipo Mzee Omoding alipoanza kucheka. Alianza taratibu, tumboni, kisha mabega. Mama Nekesa akafuata. Mimi nikafuata, machozi yakinitoka. Wandera alitutazama kama sisi ndio wagonjwa, halafu na yeye akatabasamu. Sijawahi kuyaona meno yake kabla ya leo.

Tulimwinua Mzee watu watatu. Akaniuliza, huyu ndiye uliyemficha? Nikasema ndiye, na Bwana Owere, na wengine saba. Nikasema niliona aibu, nikaona hofu, nikafanya vibaya. Alijipangusa suruali. Alikaa mpaka mgonjwa wa mwisho, saa tisa.

Kliniki yote niliifanya nimekaa sakafuni, kwa sababu kiti kilikuwa na mwenyewe.

Ijumaa, 25 Septemba

Mvua nyepesi. Mgongo unauma. Sketi imekataa kutakata.

Nimechana kurasa zote nne za hotuba.

Jumatano, 30 Septemba

Asubuhi ya jua na umande. Nilivaa gauni la bluu. Othieno alivaa tai ya kuazima, imemfika mbavuni.

Ukumbi wa halmashauri ulijaa. Waliongea barabara na mifereji mpaka saa tano. Wakaniita. Nilisimama bila karatasi.

Nilisema tarehe 17 niliionyesha kamati kliniki isiyokuwepo. Nikaomba radhi. Kisha nikasema nilichokiona sakafuni. Nilikuwa nimeomba mlango wa pili kwa ajili yangu, ili nikikimbia nipate pa kupita. Nilikosea hesabu. Mtu mwenye hofu akiona nimeketi kwenye njia yake pekee, hofu yake inapanda, na yangu inapanda, na mlango ni mmoja. Mpeni na yeye wake. Akiwa na wake hatauhitaji wangu. Nikaketi. Nadhani nilisema dakika tatu.

Diwani mmoja wa upande wa mjini alisimama. Alisema nusu ya wagonjwa wanatoka Kenya. Kwa nini sisi tuvunje ukuta kwa ajili ya watu wa ng'ambo? Wengine wakamwitikia. Mimi mwenyewe ni wa ng'ambo, na wote wanajua.

Mzee Omoding akainuka. Hakungoja kuitwa.

"Mimi nilikaa chini," alisema. "Na hii suti. Suti ya harusi ya mtoto yangu. Huyu Sista alisema keti, mimi naketi, na mimi nilikuwa nimekwenda kumgombeza. Huyo kijana wa Kenya alikuwa naogopa mimi. Mimi nilikuwa naogopa yeye. Mlango moja." Akamtafuta yule wa mjini kwa macho. "Na wewe jana umekula samaki gani?"

Yule akasema hilo halihusu. Watu wakapiga kelele ajibu. Akasema ngege.

"Ya wapi?"

"Ya Busia."

"Samaki yao tunakula. Sasa kichwa yao ndiyo itatushinda?"

Ukumbi ulicheka mpaka mwenyekiti wa halmashauri akagonga meza kwa kiatu. Bwana Owere, aliyekaa nyuma kabisa kwa ruhusa yake mwenyewe, aliomba iandikwe kwamba kikao kimepitiliza muda.

Mikono ikainuliwa. Kliniki inaendelea. Othieno anaajiriwa. Chumba kipya hakuna, lakini ukuta wa nyuma utatobolewa uwekwe mlango. Muuguzi wa pili wamekataa mpaka mwakani. Nitaomba tena mwakani, nitawaita Alhamisi, siku yenye watu.

Nje, Othieno alinishika mikono akaruka juu mara tatu, tai ikampiga usoni. Aliniambia sasa anaweza kuoa. Nikamuuliza nani. Akasema huyo atatafutwa, kazi imepatikana.

Tulinunua mandazi, tukala tukitembea chini ya Mwamba. Tulimwimbia kila tuliyekutana naye. Mama mmoja alituuliza kama sisi ndio wale wa kliniki ya vichaa. Othieno akamwambia ndiyo, mama, wa kudumu.

Nina furaha. Sijui kuiandika kwa namna nyingine.

Jumanne, 20 Oktoba

Mvua usiku, asubuhi imetulia. Mafundi wamekuja. Wametoboa ukuta wa nyuma, vumbi jekundu kila mahali, hata ndani ya chati. Fundi mkuu alitaka mlango ufunguke kwa ndani kama milango ya kawaida. Nimekataa. Unafunguka kwa nje, ili mtu mwenye haraka ausukume tu. Alisema hajawahi kupangiwa kazi na mwanamke. Nikamwambia leo ni siku yake ya kwanza.

Kwa tundu naona shamba la hospitali, mtama, na ndege wanaokula mtama. Nilisimama nikatazama mpaka chai ikapoa.

Alhamisi, 29 Oktoba

Asubuhi ya ukungu mwepesi, hakuna upepo. Rangi ya mlango bado inanata kidogo.

Wagonjwa ishirini na wanne. Hakuna aliyepiga kelele. Bwana Owere ameipitia milango yote miwili, ameifungua na kuifunga, amesema wa nyuma unalalamika, utiwe mafuta. Nimeutia.

Wandera alikuja saa sita. Alisimama katikati ya chumba, akatazama mlango wa mbele, akatazama wa nyuma. Akatoka kwa mbele, akazunguka nje, akaingia kwa nyuma. Akatoka kwa nyuma, akaingia kwa mbele. Mara nne. Mama Nekesa akataka kumwita, nikamwashiria amwache. Mara ya nne aliingia, akavuta kiti, akaketi. Mgongo ameuelekeza mlangoni. Aliongea nami robo saa, habari ya mtumbwi wa mjomba wake unaovuja. Sauti zipo bado, alisema, lakini siku hizi zinaongea mbali, kama watu wa nyumba ya jirani.

Kiti changu sasa kiko kando ya ukuta, kwenye mwanga wa dirisha. Naona shamba.

Nimerudi nyumbani kabla ya giza. Ugali wa wimbi na kambare wa Mama Nekesa. Nimeosha sahani. Nimepiga pasi gauni la kesho. Vyura wanalia mtoni. Hakuna jingine la kuandika.

Saa nne kasorobo. Nazima taa, nalala.